Mgongo wa Menuki

Hotuba ya sonara kwa vijana wanaojifunza kazi ya madini

Wazee wangu, mafundi wenzangu, na nyinyi vijana mliotoka karakana moja kwa moja, mikono ingali na masizi. Wa kupewa shikamoo nawaamkia, na wengine hamjambo.

Nimeombwa niseme juu ya nakshi za madini. Ningeweza kuwasemea vikuku na bangili, mambo niliyokulia. Lakini leo nimekuja na kitu kidogo cha mbali, urefu wake haufiki kidole cha kati.

Kilinifikia dukani ndani ya bahasha. Bibi mmoja alirithi bizimu ya kifuani kwa mama yake, pini ya nyuma imekatika, akataka nimtilie nyingine. Uso wa bizimu ile ulikuwa kamba wa baharini, mweusi, mgongo umepinda, macho ya dhahabu, na kila pingili ya gamba lake imelalia mwenzake kama kamba aliyetoka kwenye wavu asubuhi ile. Nikaigeuza nione pini imekatikia wapi. Hapo nikanyamaza, na yule bibi akadhani nimeona kasoro.

Mgongo ulikuwa uvungu. Kamba yule hakumiminwa kwenye kalibu. Alikuwa bamba jembamba lililosukumwa kutoka ndani kwa nyundo, pigo baada ya pigo, na mapigo yenyewe yalionekana yamejipanga kama magamba. Katikati kilichomoza kijiti kifupi cha shaba. Na juu ya kazi hiyo yote, fundi mmoja nisiyemjua, mahali nisipopajua, alikuwa amemwaga bonge la lehemu ya bati ili ashike pini yake. Iliniuma. Lakini kilichonikosesha usingizi ni kile kijiti, kwa sababu bizimu haina haja nacho. Nilianza kuuliza na kusoma, na jibu la kijiti ndilo nililowaletea.

Kitu kile hakikuzaliwa bizimu. Kilikuwa menuki, pambo la mpini wa upanga wa Kijapani, na kilikuwa na pacha wake.

Uchukueni upanga wenyewe, ule uliopinda kidogo mnaoujua kwa picha. Bapa lake linaishia kwenye msuka, mkia wa chuma unaozama ndani ya mpini kama msuka wa jembe. Mpini ni vipande viwili vya mti mwepesi uitwao honoki, vimeshikana kwa gundi ya wali. Juu ya mti huvishwa ngozi ya samaki taa. Ndiyo, taa, jamaa ya yuleyule ambaye mkia wake kwetu pwani ulikuwa mjeledi. Chembe ngumu za ngozi yake huuzuia utepe usiteleze. Juu ya ngozi husukwa utepe wa hariri unaopishana kulia na kushoto na kuacha vidirisha vyenye umbo la kashata. Mwanzo wa mpini kuna noleo, wao huliita fuchi. Mwisho kuna kofia, kashira. Kati ya mpini na bapa kuna kikingio cha mkono, tsuba, na hicho ndicho kinachopigwa picha na kuwekwa kwenye makabati ya kioo.

Menuki ni mbili, moja kila upande. Zinalala juu ya ngozi ya taa, moja karibu na noleo, nyingine karibu na kofia, na hariri inapita juu yake. Kwa hiyo mtu anayeutazama upanga hauoni uso wote wa menuki. Anaona jicho la joka, ukucha wa simba, kiuno cha kamba. Sehemu nyingine iko chini ya utepe. Na mgongo hauonwi na yeyote, isipokuwa siku hariri imechakaa na fundi anaufumua mpini ausuke upya. Siku hiyo inaweza kuja baada ya miaka arobaini, na anayefumua huenda ni mjukuu wa fundi mwingine kabisa.

Sasa kijiti. Neno lenyewe linatupa njia. Me ni jicho, na hapa maana yake ni tundu. Nuki ni kupenya. Zamani sana msumari ulipita kwenye tundu la mpini, ukapenya msuka, ukatokea upande wa pili, na vichwa vyake viwili vilitiwa nakshi kwa sababu vilikuwa wazi. Baadaye vitu hivyo viliachana. Msumari ukabaki msumari, ukaitwa mekugi, nao ni wa mwanzi. Vichwa vikahama mahali pake, vikawa mapambo. Kwa hiyo linalolizuia bapa lisiruke kutoka mpinini ni kipande cha mwanzi kisicho na pambo lolote, na dhahabu iliyo pembeni yake haizuii chochote. Kile kijiti ni kumbukumbu ya msumari. Katika kazi nyingi za kale utakuta mgongo mmoja una kijiti kigumu na wa pili una kijineli, dume na jike, kama maseremala wetu wanavyoita viungo vyao, ingawa kwenye mpini havikutani tena.

Wapiganaji nao wana lao. Wanasema uvimbe wa menuki husaidia mkono kushika, na kuna mtindo unaoitwa kwa jina la Yagyu, ukoo wa walimu wa upanga, ambao hubadilisha nafasi za menuki ili ziingie kiganjani. Mimi si mpiganaji, hilo nawaachia wenyewe.

Turudi kwa mafundi. Ukitaja kazi hii Japani, jina la kwanza ni Goto. Goto Yujo alizaliwa mwaka 1440, akafa 1512, akawatumikia watawala wa ukoo wa Ashikaga huko Kyoto. Inasimuliwa kwamba alitiwa gerezani, akaanza kuchonga kokwa za fyulisi kwa kijisu, na kazi ile ilipomfikia mtawala ikamfungulia mlango. Kisa hicho ni cha kusimuliwa. Kilicho hakika ni kwamba ukoo wake ulishika kazi hiyohiyo kwa vizazi 17, kwa Ashikaga, kisha kwa watawala waliowafuata, Oda Nobunaga, Toyotomi Hideyoshi na ukoo wa Tokugawa, mpaka karne ya 19. Vizazi 17 vya nyundo moja! Kwao seti kamili ilikuwa vitu vitatu vya mkono mmoja: jozi ya menuki, kipini cha kisu kidogo kinachokaa ubavuni mwa ala ya upanga, na kijiti cha kutengenezea nywele kinachokaa upande wa pili. Huiita mitokoromono, vitu vya mahali patatu.

Goto wa kwanza hawakutia saini. Wajukuu ndio waliokuja kuzitazama kazi za mababu na kuandika vyeti: hii ni ya fulani, thamani yake kadhaa. Cheti hicho ni karatasi iliyokunjwa, origami, na mpaka leo Mjapani akisema kitu kina origami, anasema kimedhaminiwa. Fikirini, mjukuu anamtambua babu wa babu yake kwa namna alivyopiga nyundo.

Na si mapambo tu. Mwaka 1588 Hideyoshi alipotaka sarafu kubwa ya dhahabu, oban, yenye uzito wa gramu 165 hivi, kazi alimpa Goto Tokujo, kizazi cha tano. Saini ya Goto iliandikwa kwa wino juu ya dhahabu yenyewe. Mtia nakshi za upanga ndiye aliyeaminiwa na fedha ya nchi. Lishikeni hilo, nitalirudia.

Niseme sasa jinsi inavyofanywa, maana hapa ndipo penye utamu kwangu.

Kuna lami, ambayo ni utomvu wa msonobari uliochanganywa na unga laini wa jiwe na mafuta. Ikipashwa moto inalainika, ikipoa inashika. Fundi hulaza bamba juu yake, mgongo juu, na kulisukuma kwa tindo zisizo na makali. Madini yanazama kwenye lami taratibu. Yakikataa, anayatoa, anayapasha moto yarudi ulaini, anayarudisha. Kisha anageuza. Sasa anapiga uso, anaiteremsha kingo, anazungusha ukingo uingie ndani kidogo, ili menuki ikilazwa mpinini ionekane imeota pale. Anageuza tena. Mgongo, uso, mgongo, uso. Madini hayaongezwi wala hayapunguzwi, yanahamishwa tu kutoka mahali penye ziada kwenda mahali penye haja. Ukisukuma haraka, bamba linakuwa jembamba pale juu ya kiuno cha kamba na kupasuka, na likipasuka hapo umeanza upya. Umbo likishasimama ndipo tindo zenye makali zinapoingia: magamba, nywele, ndevu. Fundi hujitengenezea tindo zake mwenyewe, na karakana moja huwa na mamia, kwa sababu kila umbo la jani linataka ncha yake.

Halafu afanye ya pili. Naye haigi ile ya kwanza. Kama ni simba, mmoja amefumbua kinywa, wa pili amefumba, kama walinzi wa milango ya mahekalu yao: mmoja anatamka a, mwingine anamalizia un, mwanzo na mwisho wa sauti. Kama ni farasi, mmoja anakimbia, mwenzake anajikuna. Kerengende anapendwa sana, kwa kuwa wanasema yeye huenda mbele wala harudi nyuma. Na kamba wangu? Jina lake kwa Kijapani, ebi, huandikwa kwa alama mbili zenye maana ya mzee wa bahari, kwa sababu ya mgongo wake uliopinda na ndevu zake ndefu. Ni dua ya umri mrefu. Dua ya umri mrefu, juu ya upanga! Kila nikilifikiri hili moyo wangu unalainika.

Zilikuwapo pia menuki za bei rahisi, bamba likipigwa juu ya umbo la chuma ili zitoke nyingi zinazofanana. Uso wake wakati mwingine unakudanganya, mgongo hauwezi. Marehemu mwalimu wangu alikuwa na desturi moja iliyonichosha nilipokuwa na umri wenu. Nikimpelekea bangili, kabla hajatazama nakshi, anaingiza kidole ndani na kuizungusha. Akihisi mkwaruzo, ananirudishia bila neno. Wanunuzi wa menuki huko Japani nao hugeuza kwanza. Niliposoma hivyo nilimkumbuka mzee yule, nikaweka kitabu chini kwa muda.

Rangi sasa. Ule weusi wa kamba si rangi ya kupaka wala moshi. Ni madini yenyewe, yanaitwa shakudo: shaba nyekundu iliyotiwa dhahabu kidogo, kama sehemu tatu hadi tano kwa mia. Ukiyapiga yanaonekana shaba ya kawaida, huwezi kujua kuna dhahabu ndani. Kazi ikikamilika husafishwa sana, hupakwa figili nyeupe iliyokunwa, kisha huchemshwa kwenye maji yenye kutu ya kijani ya shaba na mrututu. Ndiyo, mrututu huuhuu tunaoujua. Baada ya muda shaba ile inakuwa nyeusi yenye zambarau ndani yake. Wao huisema kuwa ni rangi ya bawa la kunguru lililolowa, na sisi wenye kunguru hatuhitaji kuelezwa zaidi.

Wana pia shibuichi, maana yake robo: shaba iliyochanganywa na fedha, inayotoka ya kijivu kama wingu. Na sikilizeni ajabu yenyewe. Menuki moja inaweza kuwa na shakudo, shibuichi, shaba tupu, fedha na dhahabu, zote zimepachikwa pamoja, na zote zinaingia sufuria moja mara moja. Kila madini hutoka na rangi yake. Dhahabu hubaki dhahabu, shaba inakuwa kahawia, shakudo inakuwa usiku. Maji ni yale yale, jibu la kila mmoja ni lake.

Utando huo wa rangi ni mwembamba mno. Ndiyo maana nawaomba, mkiletewa kitu cheusi cha Kijapani, msikisugue. Kamba wa yule bibi alikuwa na pua nyekundu. Mtu alimsugua kwa dawa ya kung'arishia akidhani ni uchafu.

Nirudi kwenye historia. Vita kubwa za Japani zilikwisha mwaka 1615, na zikafuata zaidi ya miaka 200 ya utulivu. Ungedhani mapambo ya panga yangekufa. Yalistawi. Samurai, yule askari wa upanga, akawa karani na msimamizi, upanga ukawa vazi. Akiingia ngome ya shoguni, mtawala wa kijeshi, huko Edo, ambayo leo ni Tokyo, alitakiwa kuvaa kwa kanuni: ala nyeusi, shakudo ya Goto, mandharinyuma ya vitone vidogo vilivyopigwa kimoja kimoja kwa safu kama mayai ya samaki, ambayo huitwa nanako. Nyumbani na barabarani alikuwa huru. Na mfanyabiashara wa mjini, ambaye hakuruhusiwa kuvaa panga mbili kama samurai, aliruhusiwa upanga mmoja mfupi, basi fedha zake zote akazimwagia huo.

Hapo akatokea Yokoya Somin, aliyezaliwa 1670 na kufa 1733. Aliacha kazi ya kanuni akawafanyia watu wa mjini. Alikata kwa tindo iliyoinamishwa upande mmoja, mkato mzito hapa na mwepesi pale, hata madini yakaonekana kama yamechorwa kwa brashi na wino. Waliomfuata wakaleta mvua, panya, maharage, wendawazimu wa sokoni, chochote. Mimi nawapenda hawa wa mjini kuliko Goto, nasema wazi. Goto wana heshima, hawa wana pumzi.

Lugha ya Kijapani yenyewe imejaa vipande vya upanga. Watu wasiopatana, wanasema upindo wao haulingani, kama bapa na ala zisizofaana. Waliogombana wakapatana, wamerudi katika ala yao ya zamani. Mashindano ya karibu sana ni kusukumana kwa vikingio.

Kisha ikaja tarehe 28 Machi 1876. Serikali mpya ya Meiji, iliyoshika nafasi ya mashoguni, ilitoa amri kwamba hakuna ruhusa ya kuvaa upanga hadharani, isipokuwa kwa wanajeshi, polisi na wenye mavazi rasmi ya sherehe. Vijana, hebu jiwekeni pale. Una miaka thelathini, tangu utotoni umejifunza kutengeneza kitu kimoja chenye urefu wa kidole, na asubuhi moja hakuna tena mtu wa kukivaa. Upanga uliokuwa roho ya mwenyewe ukauzwa kwa bei ya kuni. Mapambo yaling'olewa. Dhahabu nyingi iliyeyushwa. Menuki zikauzwa kwa wageni, mojamoja bila pacha, zikawa vifungo vya mikono ya shati, vifungo vya mkanda wa kimono, bizimu. Kamba mmoja akasafiri, sijui kwa mikono mingapi, mpaka kwenye bahasha ya bibi yule.

Lakini mikono haikuyeyushwa. Kulikuwa na Kano Natsuo, mzaliwa wa Kyoto, 1828, fundi wa mapambo ya panga, aliyehamia Edo. Kabla hata ya amri ile, serikali ilitaka fedha mpya, yen, na mwaka 1871 ikafungua kiwanda cha sarafu Osaka kwa mashine zilizonunuliwa kutoka kiwanda kilichofungwa cha Hong Kong. Mashine zilitoka nje, wataalamu walitoka nje, na mpango ulikuwa mihuri ya kupigia sarafu nayo ichongwe Uingereza. Walipoiona kazi ya Natsuo, mihuri ikabaki nyumbani. Joka lililozunguka kwenye sarafu za kwanza za yen ni la mkono uliokuwa ukichonga majoka ya mipini. Goto Tokujo na oban yake mwaka 1588, Natsuo na yen yake karibu miaka 300 baadaye. Ndilo nililowaambia mlishike.

Mwaka 1890 Natsuo akawa profesa katika Shule ya Sanaa ya Tokyo, na akawekwa miongoni mwa wasanii wa nyumba ya kifalme. Alifundisha mpaka mwisho, akafa 1898. Wenzake wakageukia vasi, visanduku, vifuko vya sigara vya kuuzwa Ulaya na Marekani, na leo vitu hivyo viko kwenye makumbusho makubwa ya huko. Mbinu zilikuwa zilezile: lami, tindo, figili, mrututu.

Mtaniuliza bizimu iliishaje. Nilimweleza yule bibi kile alichokuwa nacho. Alikaa kwenye kiti cha wateja akakitazama kama ndiyo mara ya kwanza. Nikamwambia lehemu ile ya bati siwezi kuiondoa bila moto, na moto utaua rangi, kwa hiyo sitaigusa. Pua nyekundu nayo sitaigusa. Nilimfumia kitanda kidogo cha waya wa fedha, kamba akakaa ndani yake bila kulehemiwa, na pini nikaitia kwenye kitanda. Nikaacha nyuma wazi, ili atakayeigeuza akione kijiti.

Alinikubalia niwaletee leo. Iko kwenye kitambaa cheupe pale mezani, mtaishika kwa zamu, mikono ikiwa imeoshwa. Kando yake nimeweka kipande changu cha shaba tupu, kamba vilevile, nilichojaribu kukisukuma mwenyewe. Kimepasuka kiunoni. Kigeuzeni muone nilipokwenda haraka. Na kile chungu kinachotoa moshi ni lami, imeshalainika. Nimeleta mabamba sita na tindo kumi na mbili, kwa hiyo watangulie sita.